Ngoma Ivumayo Haidumu: Historia ya Mtikisiko wa Milingoti

Mlingoti wa mashua hauangushwi na dhoruba peke yake. Upepo wa wastani usiobadilika, unaovuma mashua ikiwa imefungwa gatini na matanga yamekunjwa, unaweza kuutikisa mlingoti hadi metali yake ichoke. Iliwachukua wanasayansi takriban miaka 80 kuielewa sababu na kuipatia dawa, na dawa yenyewe ikaja kuwa kitu ambacho kila baharia anacho: kamba.

Anayelala ndani ya mashua ya tanga katika bandari ya Southampton, Muscat au San Diego huijua sauti hiyo. Kwanza nyaya zinazoushikilia mlingoti huanza kulia kwa sauti nyembamba. Baadaye mlingoti wenyewe huanza kutetemeka, na mwili wa mashua huupokea mtetemeko huo kama tumbo la udi linavyopokea mlio wa nyuzi zake. Vikombe kabatini hugongana. Mwenye mashua akitoka nje akitarajia kuikuta tufani, hukuta upepo wa kawaida kabisa, na maji ya bandari yametulia.

Kiswahili husema upepo unavuma, na ngoma nayo inavuma. Neno ni moja kwa pumzi ya hewa na kwa mlio mzito unaoendelea. Lugha iliviunganisha vitu hivyo viwili zamani sana. Sayansi ilichelewa.

Kutoka makumbi hadi waya

Kwa karne nyingi tatizo hili halikuwasumbua sana mabaharia. Majahazi yaliyosafiri kwa pepo za kaskazi na kusi kati ya Sur, Lamu, Mombasa na Zanzibar yalikuwa na mlingoti mnene wa mti, ulioshikiliwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Merikebu za Ulaya zilitumia kamba za katani zilizopakwa lami. Kamba ya namna hiyo inapotikiswa, nyuzi zake husuguana zenyewe kwa zenyewe, na msuguano huo huila nguvu ya mtikisiko kabla haijakua. Mti nao hufyonza mtikisiko kuliko metali. Chombo cha zamani kililia kwa mikwaruzo na milio ya kila aina, lakini hakikuimba noti moja kwa saa nzima.

Mabadiliko yalianzia mbali na bahari, ndani ya migodi ya milima ya Harz nchini Ujerumani. Mwaka 1834 afisa wa migodi Wilhelm Albert alitengeneza huko Clausthal kamba iliyosokotwa kwa nyaya za chuma, kwa kuwa minyororo ya kuinulia mizigo ilikuwa ikikatika. Haikuchukua muda mrefu teknolojia hiyo kufika melini. Meli mashuhuri ya Cutty Sark, iliyoshushwa majini mwaka 1869 huko Dumbarton, Scotland, na ambayo leo imehifadhiwa Greenwich mjini London, milingoti yake ilishikiliwa kwa kamba za waya. Waya ulikuwa mwembamba zaidi kuliko katani yenye nguvu sawa, haukuvutika sana, na haukuoza.

Mlingoti nao ulifuata mkondo huo. Mwaka 1930, katika shindano la America's Cup, mashua ya Marekani iitwayo Enterprise iliishinda Shamrock V ya Sir Thomas Lipton, yule mfanyabiashara wa majani ya chai. Shamrock V ilikuwa na mlingoti wa mbao. Enterprise ilikuwa na mlingoti wa duralumini, yaani alumini iliyochanganywa na shaba na metali nyingine, uliokuwa mwepesi zaidi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, milingoti ya alumini ilienea hadi kwenye mashua ndogo za watu wa kawaida.

Kila hatua ilikuwa maendeleo. Lakini kila hatua pia iliondoa kitu ambacho hakuna aliyekihesabu, yaani ule msuguano wa nyuzi na ule ulaini wa mti. Mashua ikawa chombo cha nyuzi za chuma zilizokazwa juu ya sanduku lenye uwazi ndani. Kwa maneno mengine, ikawa ala ya muziki.

Kinubi kisichopigwa na mtu

Ala ya namna hiyo ilikwishajulikana. Mwaka 1650 padri na mwanazuoni wa Kijerumani Athanasius Kircher, aliyeishi Roma, alieleza juu ya kinubi kinachopigwa na upepo. Nyuzi hutandazwa juu ya sanduku, sanduku huwekwa dirishani, na upepo ukipita nyuzi hulia bila kuguswa. Ulaya ilikipenda chombo hicho na kukipa jina la Aeolus, mungu wa pepo wa Wayunani wa kale. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 200 hakuna aliyeweza kueleza vizuri jinsi upepo usio na mdundo unavyozaa sauti yenye mdundo.

Hatua ya kwanza ya uhakika ilipigwa na mwanafizikia wa Kicheki Vincenc Strouhal, alipokuwa Würzburg, Ujerumani. Mwaka 1878 alichapisha matokeo ya majaribio yake. Alifunga waya kwenye fremu iliyozunguka kwa kasi aliyoweza kuipima, kisha akasikiliza noti iliyotoka. Matokeo yalikwenda kinyume na yale ambayo kila mpiga kinanda na mpiga udi angeyatarajia. Noti ilitegemea mambo mawili tu: kasi ya hewa na unene wa waya. Urefu wa waya haukuhusika. Hata mkazo wake haukuhusika.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba inaweza kupigwa kichwani. Gawa kasi ya upepo kwa unene wa waya, kisha chukua takriban sehemu moja ya tano ya jibu. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukipita kwenye waya wa milimita 8 hutoa mitikisiko 250 kwa sekunde, sauti ambayo sikio huisikia waziwazi. Upepo huo huo ukipita kwenye mlingoti wa duara wenye upana wa sentimita 15 hutoa mitikisiko 13 hivi kwa sekunde. Huo si wimbo tena. Mtu huusikia kwa miguu na mgongo kabla ya kuusikia kwa masikio.

Mwaka mmoja baadaye, 1879, Mwingereza Lord Rayleigh aliongeza jambo lililowashangaza wengi. Uzi wa kinubi cha upepo haupelekwi mbele na kurudi nyuma kufuata upepo. Hutikisika kwa kuukata upepo, upande huu na upande ule. Ndiyo maana mashua inayopigwa na upepo ubavuni huonekana mlingoti wake ukipwita kuelekea mbele na nyuma, kutoka omo hadi tezi, na si kuelekea kule upepo unakokwenda.

Mtaa wa vizingia

Strouhal alidhani sauti ilitokana na hewa kujisugua kwenye waya. Jibu sahihi lilipatikana baada ya miaka 30, na lilipatikana majini. Kila aliyetazama nguzo ya gati wakati maji yanapokwenda kwa kasi ameona vizingia vidogo vikijizungusha nyuma yake. Mwaka 1908 Mfaransa Henri Bénard, akiwa Lyon, alivipiga picha na kuonyesha kwamba haviji ovyo. Kimoja hutoka kushoto, kinachofuata hutoka kulia, kisha kushoto tena, kwa zamu isiyokosea.

Mwaka 1911, katika Chuo Kikuu cha Göttingen, mwanafunzi aitwaye Karl Hiemenz alipewa kazi ya kupima mgandamizo wa maji kuzunguka nguzo ya duara. Alihitaji maji yatulie, lakini hayakutulia. Aliambiwa huenda nguzo yake si duara kamili, akaisawazisha. Aliambiwa huenda mfereji wake una kasoro, akaurekebisha. Maji yaliendelea kuyumba. Kijana wa Kihungari Theodore von Kármán, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi hiyo, alikuwa akimuuliza kila asubuhi kama maji yametulia, na kila asubuhi jibu lilikuwa lile lile la huzuni.

Kármán akafikiri kwamba, ikiwa maji yanakataa kutulia hata baada ya marekebisho yote, basi kuyumba si kasoro ya majaribio. Huenda ndiyo tabia yenyewe ya maji. Alikaa akapiga hesabu na kuonyesha kwamba safu mbili za vizingia vinavyopishana kwa zamu ndio mpangilio unaoweza kudumu. Tangu hapo mpangilio huo huitwa mtaa wa vizingia wa Kármán. Bénard hakufurahia kuona jina lake limeachwa. Kármán mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipendekeza kwa mzaha suluhisho la kidiplomasia: mtaa uitwe kwa jina lake London na Berlin, na mjini Paris uitwe barabara ya Henri Bénard.

Kwa ugunduzi huo kisa cha mlingoti kilieleweka. Kila kizingia kinachotoka upande mmoja huuvuta mlingoti kidogo, na kinachofuata huuvuta upande wa pili. Kila mvuto peke yake ni dhaifu. Lakini mlingoti, kama bembea ya mtoto, una mwendo wake wa asili. Zamu ya vizingia inapolingana na mwendo huo, kila msukumo huja kwa wakati wake na mtikisiko hukua. Baya zaidi ni kwamba mlingoti ukishaanza kutikisika kwa nguvu huanza kuviamuru vizingia vyenyewe vitoke kwa mdundo wake. Hata upepo ukiongezeka au ukipungua kidogo, mdundo haupotei. Dhoruba yenye pepo za kubadilikabadilika huuvunja mpangilio huo. Upepo wa wastani ulio sawasawa huulea.

Metali nayo huchoka

Swali linabaki: mtikisiko wa milimita chache una madhara gani kwa mlingoti unaoweza kuhimili tufani? Jibu liliandikwa kwa damu, na liliandikwa relini. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilianguka na kuwaka moto baada ya ekseli ya kichwa chake kuvunjika. Makumi ya abiria waliangamia. Miongoni mwao alikuwemo baharia mpelelezi Jules Dumont d'Urville, aliyekwishavuka barafu za Antaktika na kurejea salama, pamoja na mkewe na mwanawe.

Katika miongo iliyofuata mhandisi wa Kijerumani August Wöhler alizijaribu ekseli za reli kwa subira kubwa na kuonyesha kwamba chuma kinaweza kuvunjika kwa mzigo mdogo kuliko ule kinaoweza kuubeba mara moja, iwapo mzigo huo utarudiwa mara nyingi vya kutosha. Hali hiyo leo huitwa uchovu wa metali. Ufa huanza ukiwa mdogo usioonekana, kwa kawaida penye tundu, kona au kiungo, kisha hutambaa.

Tukirudi kwenye mlingoti ule unaotikisika mara 13 kwa sekunde, hesabu hutisha. Kwa saa moja ni zaidi ya mara 46,000. Kwa siku moja ya upepo usiokatika ni zaidi ya mara milioni moja. Mashua iliyoachwa gatini au nchi kavu kipindi chote cha baridi, bila mtu ndani wa kuusikia mvumo, inaweza kukusanya mitikisiko mingi kuliko ile ya safari ndefu baharini. Nyufa hutafuta mahali pale pale: penye misumari ya kubanikia, penye mikono inayozitanua nyaya, na pale waya unapoingia kwenye kiungo chake cha chuma. Mlingoti utakaoanguka mwezi wa sita mbele ya mabaharia wake, huenda ulianza kufa mwezi wa kwanza wakati hakuna mtu.

Daraja la Tacoma

Tarehe 7 Novemba 1940, daraja la Tacoma Narrows katika jimbo la Washington, Marekani, lilijipinda na kuporomoka kwa upepo wa kilomita 68 hivi kwa saa. Lilikuwa limefunguliwa miezi minne tu kabla. Hakuna binadamu aliyekufa, ila mbwa mmoja aliyekuwa ndani ya gari. Kármán, wakati huo akiishi Marekani, alikuwa mmoja wa wataalamu watatu walioteuliwa kuchunguza.

Mara nyingi husemwa kwamba daraja hilo liliangushwa na vizingia vilivyolingana na mdundo wake. Sivyo hasa. Mpindo wa mwisho ulikuwa wa aina nyingine, ambapo mwendo wa daraja lenyewe uliichota nguvu ya upepo na kujiongezea. Lakini somo lililobaki kwa wahandisi ni lile lile la mashua. Kadiri muundo unavyofanywa mwembamba na mwepesi, haitoshi kuuliza kama utahimili nguvu ya upepo. Sharti kuuliza pia kama utacheza ngoma yake.

Dawa mbili

Dawa ya kwanza ilitoka kwa mafundi wa umeme. Katika miaka ya 1920 nyaya ndefu za umeme mkubwa huko California zilikuwa zikikatika kwa uchovu kwenye vishikio vyake. Mhandisi George Stockbridge akabuni kifaa cha bei ndogo, yaani vizito viwili kwenye ncha za kipande kifupi cha waya, kinachoning'inizwa karibu na nguzo. Waya mkubwa ukitikisika, kile kifupi hujipinda, nyuzi zake husuguana, na nguvu ya mtikisiko huishia humo. Leo vifaa hivyo vinaonekana kwenye njia za umeme duniani kote. Kwa hakika Stockbridge alikuwa ameurudisha ule msuguano ambao kamba ya makumbi ilikuwa nao tangu zamani.

Dawa ya pili ilitoka kwenye mabomba ya moshi ya viwanda. Mabomba marefu ya chuma kilichochomelewa yaliyumba kwa upepo wa wastani kuliko yale ya matofali yaliyoyatangulia. Katika Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington, karibu na London, Christopher Scruton na mwenzake Walshe walilishughulikia tatizo hilo katika handaki la upepo. Mwaka 1957 walikuwa na jibu: mapezi matatu yanayolizunguka bomba kama uzi wa skrubu, yenye kimo cha sehemu moja ya kumi ya upana wa bomba, kila pezi likimaliza mzunguko mmoja kila baada ya urefu wa mara tano ya upana huo. Yakiwekwa kwenye theluthi ya juu, yalitosha.

Mapezi hayo hayaongezi nguvu ya bomba. Yanavuruga zamu. Upepo unapolazimika kuachana na bomba mahali tofauti kila kimo, vizingia vya juu havikubaliani tena na vya chini, na misukumo yao hufutana. Hadi leo, yeyote anayetazama bomba la chuma lenye mapezi ya mzunguko juu yake anaitazama kazi ya Teddington.

Kamba kwenye mlingoti

Hekima hiyo ndiyo iliyofika magatini. Baharia anayesikia mvumo kwa kawaida hukimbilia kukaza nyaya. Strouhal alikwishaonyesha kwa nini hilo pekee halitoshi. Zamu ya vizingia haijali mkazo. Kukaza hubadilisha mwendo wa asili wa mlingoti, basi mtikisiko utarejea siku ambayo upepo utakuwa na kasi nyingine. Mlingoti mnene zaidi nao huhamisha tu siku ya tatizo.

Linalosaidia zaidi ni kuuzungushia mlingoti kamba nene, ikipanda kama nyoka juu ya mti. Kwa mlingoti wa sentimita 15, vipimo vya Teddington vingetaka kamba yenye unene wa sentimita moja na nusu, ikimaliza mzunguko kila sentimita 75. Kamba moja haifikii mapezi matatu, na mikono ya mlingoti mara nyingi huizuia isipande hadi juu, lakini hata sehemu iliyozungushwa hupunguza mtikisiko. Wengine hupandisha ukanda wa turubai katika mfereji ule ule unaopitisha tanga. Wengine hufunga kamba ya muda katikati ya mlingoti na kuivuta mbele, ili kuinyima sehemu inayopwita nafasi ya kucheza. Kamba za kupandishia matanga huvutwa mbali na mlingoti, ingawa kelele zake ni za kugonga tu na si za ugonjwa huu.

Kamba ya kuzungushia ina gharama yake. Huongeza nguvu ya upepo inayousukuma mlingoti, kwa hiyo huondolewa kabla ya safari. Na tiba yoyote haifuti mitikisiko iliyokwishapita. Mashua iliyovuma msimu mzima inahitaji mtu wa kupanda juu na kukagua kila kiungo, kwa macho na kwa vidole, kabla ya tanga la kwanza kupandishwa.

Wahenga wa pwani walisema ngoma ivumayo haidumu. Walikuwa wakizungumzia fahari ya wanadamu, lakini Wöhler asingebadilisha hata neno moja.